Kura ya Mista Alan Mkononi mwa Mista Derek

Wanjala, kinyozi mwenzangu, ndiye aliyenishurutisha kuandika. Anasema vinyozi waliokuja karibuni pale dukani kwetu Satwa, Dubai, wanaijua mashine kuliko mimi, ila hawajui kukaa na mtu kitini, na jambo hilo halifundishwi kwenye simu. Nilimjibu kwamba mkono wangu umezoea makasi, si kalamu. Akasema vyote viwili huharibika kwa sababu moja, nayo ni haraka. Basi nimekaa sebuleni kwa binti yangu hapa Al Warqa, kazi nimeiacha juzijuzi tu, na mkono bado unatafuta kichwa cha kunyoa. Mkitaka kujua nilipanda cheo lini, mtatafuta bure. Kinyozi hana cheo, ana kiti, na changu kilikuwa cha mlangoni kwa sababu vile vya ndani, karibu na kiyoyozi, vilishapata wenyewe.

Nitapita kwenye mengi, lakini ninakotaka kufika ni kwenye kura ya Mista Alan. Katika yote niliyoyaona kazini, hilo ndilo ambalo mpaka leo sijalielewa. Labda mmoja wenu atalielewa, anieleze.

Nilitoka Mombasa nikijiona kinyozi kamili. Kwetu Majengo mteja akikaa alitaka nywele ziishe, na zikiisha ameridhika. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na aliyenifunga kamba mimi ni Mzee Haji, Mzanzibari aliyekuwa mkubwa wa duka, mtu wa maneno machache na kanzu isiyokunjamana. Siku ya kwanza hakunipa mashine wala mteja. Alinipa wembe na povu, akaniambia nipandishe suruali ninyoe goti langu mwenyewe.

"Goti ni kidevu cha mtu mbishi," akasema. "Ukilimaliza bila damu, n'takupa mtu."

Damu ilitoka. Akachukua jiwe la shabu la kukatia damu, akalilowesha, akalipitisha juu ya mkato bila kunipa pole, nikaruka. Alitaka nijue linavyochoma kabla sijampaka mtu mwingine. Nilinyoa magoti yote mawili mpaka yakang'aa, na kwenye chumba tulicholala wengi wenzangu walinicheka kila nilipovaa kikoi. Baadaye nikapewa shingo za nyuma tu, kisha pembeni, na kichwa kizima nilikipata nikiwa nimeshakata tamaa.

Mengine aliyonifunza ni madogo na ndiyo yaliyonilisha. Taulo la moto lijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa ndani. Mashine itie mafuta kabla mteja hajaingia, kwa sababu akiona unaitia mafuta mbele yake atadhani ni mbovu. Shuka la kunyolea likung'utwe nje, si juu ya viatu vya anayengoja. Haya nayaandika kwa kuwa nimewaona kwa macho yangu mkifanya vinginevyo.

Juu ya maneno Mzee Haji alikuwa mkali zaidi ya wembe wake. Mtu akikaa kitini, alisema, ameshakupa shingo yake, usimdai na siri zake. Akizitoa mwenyewe, zifagie pamoja na nywele. Dini, siasa na mshahara havikuwa na ruhusa ya kuingia dukani, na mteja akiviingiza yeye, kinyozi alikuwa na neno moja tu la kujibu, nalo ni "naam". Arbab, mwenye duka, alikubaliana naye kabisa, kwa sababu leseni ilikuwa na jina lake. Nimesema naam kwa Waarabu, kwa Wahindi, kwa Wapakistani na kwa ndugu zetu wa bara. Nimewahi kuwaitikia watu wawili waliokuwa wakibishana wao kwa wao, kila mmoja akaondoka akiamini nipo upande wake.

Vichwa vigumu nilivipata vya kutosha. Kulikuwa na bwana mwenye visogo viwili, nywele zake zikizunguka huku na huku, na kila kinyozi aliyemnyoa alimwacha na kishungi kama cha jogoo kimesimama nyuma. Kulikuwa na bwana harusi aliyesinzia kitini, kichwa kikaanguka mbele mashine ikiwa shavuni, tukalazimika kuziondoa ndevu zote, na mamake alimtafuta kwenye picha. Lakini walionitatiza zaidi ni Waingereza. Walikuwa wakivuka barabara kutoka upande wa Jumeirah, kwa wenye nazo, kufuata bei yetu nafuu, na walisema wameligundua duka letu, kana kwamba lilikuwa limepotea. Nywele zao ni laini kama zile za mahindi mabichi, ukikosea kidogo kosa linaonekana mwezi mzima. Na wao kanuni ya Mzee Haji hawakuijali. Mshahara hawakuutaja kamwe, lakini siasa waliimwaga toka mlangoni.

Wawili kati yao walikuwa wangu. Mista Derek alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji, mrefu, shingo nyekundu. Mista Alan alikuwa mwalimu, mfupi, mwenye sauti ya kumfundisha hata anayemuuzia maji. Walizaliwa mtaa mmoja, kwenye mji mdogo wa Uingereza ambao jina lake sijawahi kulitamka likatoka zima. Derek alitangulia Dubai kwa kazi, akamvuta mwenzake, wote wakastaafia hapa hapa. Walikuja pamoja kila Jumamosi asubuhi. Mmoja alikaa kitini, mwingine kwenye benchi, wakabishana kupitia kioo mpaka wakabadilishana nafasi. Mzee Haji aliwavumilia kwa miaka mingi bila kusema neno, kisha akarejea kwao Unguja na Mungu akampokea huko. Kiti chake akakichukua Wanjala, mtu wa Bungoma aliyekuwa mlinzi kwenye jengo la maduka kabla ya kujifunza kunyoa. Kwangu alinyoa goti, kama nilivyonyoa mimi.

Ndipo ukaja uchaguzi wao mkuu wa juzijuzi. Majina ya vyama vyao sikuyashika, nilishika rangi. Derek alikuwa wa chama cha bluu toka kwa baba yake. Alan alikuwa wa chama chekundu, toka lini sijui, nadhani toka siku aliyojua kwamba Derek ni wa bluu. Kulikuwa na cha machungwa, na cha kijani, na kingine ambacho nacho ni bluu ila bluu nyingine. Nilipouliza tofauti ya bluu mbili, Derek alieleza kwa muda wa kunyolewa kichwa kizima, nami mwisho nikasema naam.

Wanjala yeye aliingia mzima mzima. Ni mtu wa msimamo wa ligi, na alipogundua kwamba Waingereza wana kura za maoni zinazotoka kila mara, akazifuata kwenye simu kama ligi. Aliniambia kwa Kiswahili, huku Derek yuko kitini na haelewi, "Mzee, blue wameteremka tena. Hawa ni wa kushuka daraja."

Nikamuuliza wamejuaje, na hakuna aliyepiga kura. Akasema watu hupigiwa simu wakaulizwa. Na hao watu husema kweli? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama maji ni ya kunywa. Bahati mbaya siku hiyo hiyo Derek akaanza kusimulia kwamba hata yeye alipigiwa, akiwa kwao kwa mapumziko, akawaambia bado hajaamua. Nikashangaa, kwa sababu mtu huyu aliamua kabla ya kuzaliwa. Akasema haiwahusu. Watu wa chama chake, akaongeza, siku hizi wanaona haya kujitaja, basi hizo hesabu za kwenye magazeti ni za kubahatisha. Wanjala aliposikia hayo, aliitazama simu yake kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

Nikazidi kuchanganyikiwa. Kijana mmoja wa benki aliniambia atakipigia chama cha machungwa. Nikamuuliza anakipenda? Hapana, anataka kuwatoa bluu, na kwenye eneo lao wekundu hawana nguvu ya kuwatoa. Kwa hiyo anampigia asiyemtaka ili amtoe asiyemtaka zaidi. Mwingine alisema atampigia mtu wa chama fulani kwa kuwa mbwa wao walikuwa marafiki. Kwetu, ukitaka kujua mtu atampigia nani, muulize jina la babu yake, na umemaliza. Hawa wakaniambia wanapiga kura Alhamisi, siku ya kazi, wengine kwenye ukumbi wa kanisa, wengine kwenye baa, tena kwa penseli. Penseli! Niliuliza kama na kifutio huwekwa pembeni, wakacheka.

Sasa nije kwa Alan. Alikuwa amekaa ng'ambo miaka mingi kiasi kwamba sheria ya kwao ilimnyima haki ya kupiga kura. Chaguzi zimepita yeye akitazama tu kwenye televisheni, na kila Jumamosi baada ya uchaguzi alikuwa mchungu, huwezi kumgusa kichwa. Kisha sheria ikabadilishwa, watu kama yeye na Derek wakarudishiwa haki yao. Alifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi. Alimwambia kila mtu, mpaka yule anayetuletea chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, kutoka mkahawa wa jirani, ambaye kwao ni Kerala, India, na hakujua afurahie nini. Na si hivyo tu. Katika mji wao mdogo bluu walikuwa wameshinda toka wao wawili wangali wadogo, na safari hii Wanjala alisema wekundu wamewafikia kisigino. Kura ya Alan, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ingeweza kuhesabika.

Lakini moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari akamkataza ndege. Posta nayo haikufaa. Huku nyumba hazina mtu wa barua, barua hufika kwenye sanduku la kampuni, na kampuni yake ilifungwa zamani. Ikabaki njia moja, ambayo niliposikia mara ya kwanza nilidhani Kiingereza changu kimenitupa. Kwao, ukiwa mbali, unaruhusiwa kumteua mtu aende kituoni akakupigie kura yako. Anapewa karatasi yake na karatasi yako, anaingia kwenye kijumba peke yake, anatia alama zote mbili, anatumbukiza. Hakuna anayemchungulia. Wewe umemwambia chama gani, na yeye atafanya atakavyofanya.

Alan alikuwa na mpwa wake wa kike, wa chama chekundu, ambaye nyumba yake iko karibu na kituo. Kila mtu alijua ni huyo atakayeteuliwa. Jumamosi moja Alan akakaa kitini akatangaza kwamba amemteua Derek, kwa kuwa anasafiri kwenda kuona wajukuu na atakuwa huko siku ya kura. Derek alikuwa kwenye benchi. Uso wake ulikuwa mwekundu, sikujua ni joto au kuna jingine.

"Chekundu," Alan alimwambia kupitia kioo. "Na alama ionekane."

"Najua kuchora alama," Derek akajibu, na siku hiyo hawakubishana tena.

Walipotoka, Wanjala alizima mashine ili anicheke vizuri. "Mzee, huyu mzungu amepeana kura yake kwa opposition. Hiyo imeenda, khalas." Nami nilikubaliana naye. Sisi tumeona uchaguzi. Nimewaona majirani waliokopeshana chumvi wakafungiana milango kwa sababu ya uchaguzi, na mpaka leo haijafunguliwa. Nikajaribu kuwaza namkabidhi mtu wa upande mwingine karatasi yangu na kumuaga safari njema. Sikuweza hata kuimaliza hiyo fikira.

Kabla ya kusafiri Derek alikuja peke yake, siku ambayo Alan alikuwa kliniki. Nilimfunga shuka, nikampaka povu shingoni. Hakutaja hali ya hewa, nikajua kuna jambo. Akasema ingekuwa mji mwingine wowote angeifanya kazi hiyo bila kufikiri. Lakini kwao safari hii vyama vimekaribiana mno. Baba yake alikuwa akibandika mabango ya bluu hata akiwa na homa, kwenye mvua, kila uchaguzi mpaka alipokufa, na hawakupata kushindwa hata mara moja.

"Omar," akasema, "nitakuwa mle ndani na karatasi mbili na hakuna mtu. Sijui mkono wangu utafanya nini. Kwa kweli sijui."

Wembe ulikuwa shingoni mwake. Nikasema naam, na katika naam zote nilizowahi kutoa, hiyo ndiyo iliyokuwa bure kabisa. Alilipa, akanishika bega, akaenda zake.

Hapo nikawa na mzigo. Zilikuwa zimebaki siku chache ambazo Alan angeweza kubadilisha jina na kumteua yule mpwa wake, baada ya hapo mlango unafungwa. Nikinyamaza, mtu mgonjwa aliyengoja maisha yake yote ananyang'anywa kura na rafiki yake, na mimi najua. Nikisema, nimeyatoa maneno ya kitini, na nimevunja urafiki ulioanza kabla sijazaliwa. Nilimuuliza Wanjala. Akasema niseme, kura ni ya mtu. Kisha akasema nisiseme, mdomo uliponza kichwa. Kisha akasema hajui, akaenda kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Alan alipokuja niliamua kusema bila kusema, kama tulivyolelewa Pwani. Nilimwambia, nikimnyunyizia maji, kwamba kwetu kuna usemi, fisi hakabidhiwi bucha. Nikamweleza fisi ni nani, na bucha ni duka la nyama. Kisha nikachukua makasi, nikimwachia nafasi.

Mista Alan alicheka mpaka shuka likamteleza. "Derek ameniambia mwenyewe, Omar. Alinipigia simu toka nyumbani kwake."

"Amekuambia hajui mkono wake utafanya nini?"

"Kwa maneno hayo hayo."

Nikamuuliza, na hapo nilikuwa nimeshaisahau kanuni kabisa, kama bado atamwachia. Akajitazama kwenye kioo. Kisha akasema mama yake alipofariki alikuwa huku na akakosa ndege. Derek alikuwa kule kwa likizo. Akalibeba jeneza upande wa mbele, mahali ambapo mtoto wa kiume angesimama. Hakuna aliyemwomba, na tangu siku hiyo hajawahi kulitaja.

"Sasa nikamwambie kura nampa mpwa wangu," akasema, "kwa sababu yeye simwamini na penseli?"

"Lakini sir, kura yako. Umeingoja sana."

"Ndiyo," akasema, na sauti ya mwalimu ikamtoka, ikabaki ya mzee. "Naitaka sana."

Nilimaliza kichwa chake bila kuona ninachofanya. Nilikuwa nimekasirika, wala sijui nilimkasirikia nani. Siku za kubadilisha jina zikapita.

Siku yao ya kupiga kura Alan alikuja dukani ingawa nywele zake hazikuwa zimekua. Alikaa kwenye benchi, akaagiza chai, ikapoa. Simu aliiweka juu ya goti, uso juu. Mchana ujumbe ukaingia kutoka kwa Derek, akanionyesha. Ulisema mvua inanyesha na foleni ni fupi. Alingoja mwingine. Nami nikawa nangoja, mteja wangu akawa anangoja mimi. Haukuja. Jamani, mtu anashindwaje kuongeza neno moja, nimeshapiga? Alan aliirudisha simu mfukoni akasema Derek hajawahi kuwa mtu wa maandishi, akaenda kupanda teksi polepole.

Matokeo ya nchi nzima yalikuja kama Wanjala alivyosema, wekundu wameshinda, na siku nzima alitembea kama aliyewapigia debe. Lakini mji wa Derek na Alan ulichelewa. Walihesabu, wakahesabu upya. Mwishowe wekundu wakapita, kwa watu wachache ambao ungeweza kuwaketisha wote kwenye mkahawa wa jirani na wakapata chai kwa wakati mmoja. Jumamosi nilimpongeza Alan. Alinishukuru kama mtu aliyepewa pole. Nilielewa hilo moja tu. Ushindi ulikuwepo, ila hakujua kama na yeye yumo ndani yake.

Derek alirudi katikati ya juma, akaja dukani asubuhi akiwa peke yake, nywele zimemfunika masikio. Alikaa. Nikamfunga shuka, nikachukua kitana, nikakiweka chini. Nikamuuliza. Kinyozi mwenye nywele nyeupe, niliyefundishwa na Mzee Haji, nikamuuliza mteja alimpigia nani kura.

Hakukasirika. Alieleza kwamba walimpa karatasi mbili zinazofanana, akaingia kwenye kijumba, akaziweka sambamba, akasimama mpaka mama mmoja wa pale kituoni akamuuliza kama anajisikia vizuri. Alimfikiria baba yake na mabango. Alifikiri kwamba amesafiri saa zote zile kuja kuifuta kura yake kwa mkono wake mwenyewe, moja huku, moja kule, na angekaa Dubai ingekuwa sawa tu.

"Nilianza na yake, kwenye chekundu," akasema. "Ningeanza na yangu, mkono usingekubali kwenda kwenye ya pili."

"Umemwambia?"

"Hajaniuliza," Derek akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Nilikuwa sijamaliza upande wa kushoto Alan alipoingia, anatembea na fimbo sasa. Derek alitaka kusimama na shuka lake, nikamrudisha. Wakasalimiana kupitia kioo. Alan akauliza habari za mvua. Derek akasema ni ile ile. Alan akampa pole kwa chama chake, Derek akajibu kwamba walijitakia wenyewe. Akaeleza habari za wajukuu, na za duka la samaki wa kukaanga la mtaani kwao ambalo limefungwa, na habari ya duka ikawauma wote wawili sana. Mimi nilikuwa nikingoja. Wanjala alikuwa akingoja, mashine inanguruma hewani. Hakuna aliyetaja kura. Nilipomaliza, Derek akatoka kwenda kulipia maegesho ya gari, maana Satwa ukichelewa kidogo umeandikiwa faini, na Alan akakaa kitini mahali pake.

Nikampandisha kiti kidogo. Nikamfunga shuka. Aliniangalia kwenye kioo.

"Amekuambia," akasema.

Sikuweza kukataa. Furaha ilinijaa mpaka kooni, kwa sababu nilikuwa na habari njema, na kwa miaka yote ile ya kufagia siri za watu sikuwahi kupata moja inayofaa kupewa mwenyewe. Nikafungua mdomo.

"Usiniambie, Omar."

"Lakini sir, ni..."

"Ukiniambia itakuwa nimemuuliza," akasema. "Na mimi sijamuuliza." Akafumba macho, akanipa kichwa.

Nilinyoa. Sijui kama nilimfanyia wema au nilimdhulumu, na kila nikilifikiri hapa sebuleni kwa binti yangu linageuka upande mwingine. Nyinyi mmesoma, sasa mnajua. Yeye bado huja Jumamosi asubuhi na hajui. Akikaa kwenye kiti chako, mnyoe vizuri, wala usimwambie.